Midomo Haina Utani

Jumapili, 10 Machi

Daftari hili nimelichukua kwa mwanangu Anjela hapa Mlandege, Iringa mjini. Lina picha ya twiga juu. Naanza kuandika kwa sababu moja tu. Mtani wangu Masumbuko amelazwa hospitali, na akipona atasema uongo. Namjua. Atarudi kijijini kwetu Idodi awaambie watu kwamba alivunjika paja akipigana na tembo kwa mikono, na kwamba mimi Sosthenes Kikoti nilikimbia. Sasa nitakuwa na maandishi. Yeye hajui kusoma. Mimi, mwaka ule wa kisomo cha watu wazima, nilishika namba ya kwanza darasa zima, na mwalimu akasema huyu angeanza mapema angekuwa hakimu.

Ukweli ni huu. Ijumaa mvua ilikuwa kubwa, tembo wakaingia mashambani kutoka upande wa hifadhi. Mimi nilikuwa juu ya dungu langu napiga debe. Masumbuko tunapakana naye, akapiga la kwake. Tembo walipogeuka akafurahi, akaanza kucheza juu ya tuta la mpunga kama kijana. Tuta limeloa. Akateleza. Tembo hakumgusa. Tembo walikuwa wamekwisha kuondoka. Nimeandika.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Hakuna la maana.

Jumanne, 12 Machi

Wenzake Waislamu wameanza kufunga leo. Yeye daktari amemkataza. Akaniambia, "Mhehe, nifungie wewe, maana kwako kukosa chakula ni kawaida." Nikamwambia kwetu hatukosi chakula, sisi hukosa wageni wenye adabu.

Mkewe ni marehemu, na binti yake Ruwaida yuko Mbeya anauza mchele, bado hajafika. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nikae naye wodini mchana. Wamekubali. Wameona uso wangu hauna mchezo.

Alhamisi, 14 Machi

Leo kanifanyia mchezo wake. Lazima nieleze, maana atakayesoma labda si mtu wa huku.

Mimi Mhehe, yeye Msangu. Babu zetu walipigana vita mpaka wakachoka, wakatuachia utani. Mtani wako akiumwa huendi kumlilia. Unakwenda kumtukana mpaka apate nguvu ya kujibu. Sasa Masumbuko ana mchezo wake wa miaka yote: anajifanya amekufa. Analala kimya, mdomo wazi, mkono umening'inia. Ukishtuka ukaita watu umeshindwa, unatoa jogoo. Ukikaa palepale ukamtukana mpaka acheke mwenyewe, jogoo anatoa yeye. Mimi nimekula majogoo wake wengi. Yeye kala wangu wawili, na mmoja yule alikuwa wa hila, alijifunika sanda kabisa.

Leo naingia wodini namkuta mkono chini, ulimi nje. Nikakaa kitako. Nikasema, "Amekufa, vizuri. Ng'ombe wake nitawachukua mimi, nao wapate kuonja majani ya mtu anayejua kulima." Nikimtajia ng'ombe shavu lake huwa linacheza. Likacheza. Kisha akacheka mpaka akashika paja kwa maumivu. Jogoo wangu.

Muuguzi mmoja akaja mbio. Kibinti chembamba cha Kinyakyusa, jina lake Tusekile. Akatuangalia kama watoto wa chekechea.

Ijumaa, 15 Machi

Wamempasua, wamemwekea chuma. Ametoka salama. Mimi nilisali rozari nzima lakini sitamwambia.

Jumamosi, 16 Machi

Wanamchoma sindano ya kutuliza maumivu inaitwa mofini. Dawa kali. Nimeuliza imetengenezwa na nini, Tusekile akasema asili yake ni ua fulani. Nikasema ua gani, akasema halioti kwetu. Nikauliza linaota wapi. Akasema, "Babu, una maswali kuliko mwanafunzi wa uuguzi." Nikamwambia ndiyo, na majibu ninayo pia.

Lakini kazi yake siielewi. Mgonjwa amelala usingizi mzuri, yeye anakuja kumwamsha. "Babu Masumbuko, unajisikiaje? Jina lako nani? Unaumia kiasi gani?" Halafu anasimama anatazama kifua na saa yake, hasemi kitu, anaandika, anaondoka. Nimeishi miaka mingi na sijaona mtu analipwa kwa kuamsha waliolala.

Akaniambia, "Babu, hii dawa ni nzuri lakini inataka macho. Ukiona usingizi umezidi, haamki ukimwita, au anakoroma kwa namna usiyoizoea, uniite papo hapo. Usisubiri."

Nikamjibu, "Binti, mimi nimelinda mashamba kabla mama yako hajaota meno. Hakuna kitu kinachonipita."

Jumapili, 17 Machi

Kanisani. Mahubiri marefu.

Jumatatu, 18 Machi

Nitaandika polepole.

Asubuhi Masumbuko alikuwa mchangamfu. Akasema, "Mhehe, humu dawani mna ndoto nyingi. Nimeota unalima." Nikamwambia hata ndoto zake zinajua mkulima ni nani. Akasema, "Andaa jogoo. Leo nitakufa vizuri, hutaamini." Haya maneno aliyasema kwa mdomo wake, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani alisikia.

Baada ya chakula cha mchana akaanza kujikuna pua, anajikuna tu. Maneno yake yakawa yanakatika njiani, anaanza jambo, analiacha. Nikasema moyoni, huyu anatafuta jogoo. Akalala. Mvua ikaanza kupiga bati, kubwa, hata mtu akikohoa humsikii.

Nikamwita, "Msangu, umekufa?" Kimya. Nikasema, "Haya. Nimemwambia Ruwaida kaburi lichimbwe fupi, maana miguu yako tumeipunguza." Kimya. Alikoroma kidogo, akanyamaza, akakoroma tena kama mtu anayeburuta gunia. Nikasema anaigiza vizuri leo. Nikataja ng'ombe. Shavu halikucheza.

Halikucheza. Na mimi nikasema amejifunza.

Jirani wa kitanda akaniinamia, "Mzee, huyo mwenzako yuko sawa kweli?" Nikamwambia, "Muache, anataka jogoo wangu." Nikakunja mikono. Nikakaa hapo namtukana, natukana ukoo wake, natukana mchele wao, kwa muda ambao sitaki kuufikiri. Kama ningeita mtu ningeshindwa. Nilikuwa nimemshinda juzi, sikutaka kurudisha.

Tusekile akaja na kipima joto. Hakufika hata kitandani, akakiweka mezani. "Babu Masumbuko! Babu!" Akamsugua kifuani kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu, mimi nikataka kumzuia. Akamfunua jicho. Niliona mwenyewe: ile mboni imekuwa kama tundu la sindano. Akaita wenzake, hakupiga kelele, aliita tu kwa sauti moja nzito ambayo sikujua anayo. Akamwinua kidevu, akamfunika pua na mdomo kwa kikombe cha mpira chenye mfuko, akawa anaubinya, anamsukumia pumzi. Daktari akaja. Wakaleta kichupa kidogo, kidogo kuliko kidole changu.

Mimi nilisimama ukutani. Nikaona kitu kikanishangaza hata katika hofu. Sikusema hofu. Katika ule msukosuko. Dawa waliivuta kwenye bomba la sindano, wakaongeza maji, halafu daktari akasukuma kidogo tu mshipani. Akangoja. Kidogo tena. Akangoja. Mtu amekufa na wewe unampimia dawa kama chumvi ya mboga! Nilitaka kumpokonya nimalize yote.

Kifua cha Masumbuko kikashtuka, kikasimama, kikashtuka tena, kama mashine ya kusaga inavyokataa asubuhi ya baridi. Kisha ikakubali. Akafungua macho, na neno la kwanza lilikuwa tusi la Kisangu. Sijawahi kufurahia tusi namna ile.

Neno la pili lilikuwa mguu. "Mguu wangu! Nani kanirudishia maumivu yangu?" Akatapika. Wakamgeuza ubavu. Akatoka jasho, akatukana daktari, akanitukana mimi, akaomba sindano ile ile iliyomlaza. Tusekile akampangusa, akamwekea mto chini ya mguu, akambana kidoleni kile kidude kama mdomo wa kenge kinachosoma hewa ya damu.

Alipopata nafasi akanivuta pembeni.

"Babu, kwa nini hukuniita?"

"Nilidhani anacheza."

"Anacheza nini?"

"Utani. Anajifanyaga amekufa. Ukiita unatoa jogoo."

Nilingoja anipigie kelele. Ningejua la kumjibu, wanaonipigia kelele huwa nawajibu. Yeye akanitazama tu. Akasema, "Hata kwetu Tukuyu utani upo, babu. Lakini midomo haina utani. Mtu anaweza kuigiza macho, akaigiza mkono. Rangi ya mdomo haiigizwi. Yake ilikuwa jivu."

Kweli ilikuwa jivu. Niliiona. Niliiona nikaisifu.

Nikamuuliza, maana siwezi kukaa bila kujua, "Sasa kwa nini mlimpa kidogo kidogo?"

"Tungempa yote kwa pigo moja angeamka na maumivu yote kwa pigo moja. Mguu umepasuliwa juzi. Moyo wa mzee hauwezi. Tunataka apumue, hatutaki ateseke."

"Na amepona?"

"Bado. Sikiliza." Akaniambia hivi, na nimeandika kama alivyosema. Mofini ikiingia mwilini inakaa kwenye vigoda vyake. Ikikaa kwa kiasi, maumivu yanapungua. Ikizidi, hata kupumua mwili unasahau. Hii dawa ya kichupa, inaitwa nalokisoni, inakuja inaisukuma mofini inakaa yenyewe kwenye kigoda. Lakini haikai sana. Inachoka mapema, inaondoka.

"Na mofini imekwenda wapi?"

"Haijaenda popote, babu. Ipo mlangoni."

Hapo nikaelewa vizuri kabisa, nafikiri kuliko yeye. Idodi tunafukiza matofali ya kinyesi cha tembo yenye pilipili, moshi unawawasha, na tembo wanageuka. Mjinga anashuka kwenye dungu akalale. Moshi ukiisha tembo wapo pale pale gizani wanangoja. Nikamwambia. Akasema, "Ndiyo hivyo hivyo. Sasa usishuke."

Ruwaida akaingia saa kumi hivi, katoka Mbeya na basi la asubuhi, amefunga, viatu vimejaa tope. Kumkuta baba yake anatukana watu akashukuru Mungu, kisha kusikia anaomba dawa na hapewi akageuka moto.

"Sista, mbona mnamnyima baba yangu dawa? Kisa ni mzee?"

Tusekile akamweleza. Akamwonyesha dripu nyingine ya maumivu iliyokuwa inashuka, isiyo ya ukoo wa mofini. Ruwaida hakusikia hata nusu. Akanigeukia, "Baba mdogo, na wewe ulikuwepo?" Nikasema nilikuwepo.

Mvua haikukatika. Tusekile kila baada ya muda mfupi anarudi, anamuuliza jina, anatazama kifua, anatazama kile kidude. Halafu akaletwa kijana wa ajali ya bodaboda kitanda cha tatu, akawa anamhudumia kule, lakini shingo yake iko kwetu. Masumbuko naye maumivu yakaanza kupungua, uso ukalegea. Ruwaida akafurahi. Akachukua kitambaa cha maji ya vuguvugu akamwosha matapishi, mikono, vidole, kwa upendo wa mtoto, na ili aoshe vidole akakitoa kile kidude akakiweka juu ya shuka. Hakujua. Mashine iliyounganishwa nacho ikalia kidogo, akaibonyeza ikanyamaza.

"Amelala," akasema kwa sauti ya chini. "Alhamdulillahi. Baba mdogo, usimsumbue tena na utani wako. Muache apumzike."

Nikasema sawa. Nikamtazama. Alilala vizuri, uso wa mtoto. Nikajaribu kusikiliza pumzi, bati linapiga kelele tu. Ndipo nikajiambia, Sosthenes, wewe mlinzi gani? Mvua ikinyesha tembo hasikiki. Hata awe mkubwa kama nyumba hasikiki. Unatazama mbelewele. Mbelewele za mahindi zikitikisika mahali pasipo upepo, hapo pana mtu mzito.

Nikaacha kusikiliza. Nikachagua mstari mmoja wa bluu kwenye blanketi lake, tumboni, nikautazama. Ukapanda. Ukashuka. Ukakaa. Nikasubiri upande. Ukapanda kidogo kama mtu asiyetaka. Ukakaa. Ukakaa zaidi.

"Msangu," nikamwita. Kimya. "Msangu, ng'ombe wako wameingia kwenye mahindi yangu." Nikatazama shavu. Halikucheza.

Ruwaida akanishika mkono, "Nimesema muache!"

Na nitaandika ukweli wote. Hata hapo moyo wangu ulisema, kama anacheza je? Wodi nzima itacheka. Atasimulia mpaka Rujewa kwao. Nikatazama mdomo wake. Sikuweza kujua, taa ilikuwa hafifu na macho yangu si ya zamani. Nikasema, basi, ale jogoo.

Nikaita. Niliita kwa sauti ninayoitia tembo, ile ya kutoka tumboni, ambayo Idodi huisikia mpaka ng'ambo ya mto. "SISTAAA!" Mtu mmoja aliangusha sahani. Kijana wa bodaboda alikaa kitako pamoja na kuvunjika kwake. Tusekile alikuwa amefika kabla sijafunga mdomo.

Akakuta kidude kimelala juu ya shuka. Hakumgombeza mtu. Akamsugua kifua, akamfunua jicho, tundu la sindano tena. Kidevu juu, mfuko, hewa. Kichupa kingine, kidogo, akangoja, kidogo. Na nje adhana ya magharibi ikaanza. Ruwaida alikuwa ameshika tende ya kufuturia. Hakuila. Aliishika mpaka ikapondeka mkononi, na juisi ikamtoka kati ya vidole.

Mashine ya kusaga ikakataa, ikakataa, ikakubali.

Safari hii hawakuishia kwenye sindano. Wakamtundikia dripu yenye dawa ile ile ya kuamsha, ishuke taratibu, moshi usizimike mpaka tembo wachoke waende zao. Hayo ni maneno yangu, daktari alisema kwa namna yake.

Masumbuko akafungua macho, akayazungusha mpaka akaniona.

"Nani kapiga kelele?" akauliza. Sauti kama ya kifaranga.

"Mimi."

Akafikiri. "Umeshtuka, Mhehe."

"Nimeshtuka."

"Jogoo."

"Chagua unayemtaka," nikamwambia.

Ruwaida akakaa chini sakafuni akalia. Tusekile akampa maji, akamwambia, "Futuru, dada. Halafu nitakufundisha kidude hiki kinavaliwaje." Zamu yake ilikuwa imekwisha. Hakuondoka mpaka amemshika mwenzake mkono, amemleta kitandani, amemweleza yote, na mimi akanitaja: "Na huyu babu ndiye mlinzi. Akiita, njoo."

Jumanne, 19 Machi

Yuko hai. Anapumua. Ana hasira kama nyuki. Daktari amesema figo za Masumbuko zimechoka, hazitoi mofini haraka, ndiyo maana dozi ya kawaida ikajikusanya kidogo kidogo. Hakuna aliyejua figo zake ziko hivyo. Vipimo vya leo ndivyo vimesema. Wamembadilishia dawa. Dripu ya kuamsha wameipunguza polepole, wakimtazama, hawakuikata kwa ghafla.

Nimemwuliza Tusekile maswali haya: Je, nalokisoni inaamsha mtu aliyelewa pombe ya ulanzi? Hapana. Inaamsha aliyeng'atwa na nyoka? Hapana, babu. Inaamsha mvivu? Akacheka, akasema ingekuwa hivyo angempa mdogo wake. Inajua kigoda cha mofini na jamaa zake tu. Nikasema ni dawa yenye adui mmoja. Akasema hajawahi kusikia hivyo ila ni kweli.

Na nimeelewa kwa nini anaamsha waliolala. Haamshi usingizi. Anabisha hodi kuona kama mwenyewe bado yumo.

Jumatano, 20 Machi

Clement mpwa wangu, niliyemwachia dungu, kapiga simu. Tembo wamekula mahindi upande wa msituni wote. Miaka yote niliyolinda mimi haijatokea. Nimemwambia afukize, asishuke. Nikarudi kutazama mstari wa bluu.

Alhamisi, 21 Machi

Masumbuko kaniuliza. Nilijua ataniuliza.

"Ruwaida ananiambia nilikufa mara mbili. Ya pili uliita wewe. Ya kwanza nani aliita?"

"Tusekile."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema nilikwenda msalani. Hajui. Nikamwambia, "Hapa kwenye benchi. Nakutukana."

"Ulinitukana nini?"

"Ukoo wako. Mchele wenu. Nikasema kaburi lako liwe fupi."

"Na ng'ombe?"

"Na ng'ombe."

Akaanza kucheka, akashika paja, akacheka tena mpaka machozi. "Ungekuwa unalia ndipo ningekasirika," akasema. "Niamke nikute Mhehe ananililia! Aibu hiyo ingeniua." Kisha akanishika kiwiko, hakusema utani wowote. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nikauacha hapo.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Masumbuko kasimama kwa magongo. Hatua za bata.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Ruwaida kapika pilau huku Mlandege kwa Anjela, tumempelekea. Wameruhusu aondoke kesho kutwa. Mvua imepungua, asubuhi ukungu tu.

Ijumaa, 12 Aprili

Kabla ya kuondoka Tusekile katukalisha, mimi na Ruwaida na mgonjwa. Kasema kila hospitali atakayokwenda Masumbuko aseme kwanza kwamba figo zake zimechoka na mofini ilimlaza. Akamkaririsha kama shuleni, "Utasemaje, babu?" Masumbuko akasema, "Nitasema Mhehe alinipigia kelele." Akarudia kumuuliza mpaka akasema sawasawa.

Nilimletea Tusekile mahindi mabichi, Clement aliyatuma, yale ambayo tembo waliyadharau. Madogo. Nikamwambia mwaka mwingine atapata makubwa kama mkono. Akapokea kwa mikono miwili akapiga goti, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, babu." Nikamwambia, "Wewe ni mlinzi." Sijamwambia hivyo mtu mwingine yeyote, hata Clement.

Jumamosi, 25 Mei

Idodi. Tunavuna. Vumbi limerudi, barabara ya hifadhini ina magari ya watalii. Mahindi yangu ni machache kuliko ya mwaka jana. Masumbuko anawaambia watu kwamba alivunjika akimsukuma tembo dume. Nikataka kuleta daftari. Watu walikuwa wanacheka vizuri, nikaliacha ndani.

Jogoo wake nilikwisha kumpa, yule mwekundu.

Jumapili, 2 Juni

Baada ya misa nilimkuta amelala juu ya lundo la mabua uani kwangu, gongo pembeni, mdomo wazi, mkono umening'inia. Nikakaa. Nikafungua mdomo nimtukane. Halafu nikainuka nikaweka kiganja tumboni mwake.

Akafungua jicho moja. "Wa pili," akasema.

Mke wangu Juliana alikuwa mlangoni. "Baba Anjela, si unajua kabisa anacheza?"

Najua. Nikaenda nikamkamata yule mweusi.

Jumapili, 16 Juni

Baridi kali. Leo Msangu kachukua wa mwisho, alijifia kwenye kiti akiwa hata hajamaliza chai yake. Juliana amekasirika, anasema banda zima limebaki mitetea, na watu watatucheka kwamba kwa Kikoti hakuna jogoo wa kuwika.

Ni kweli hakuna. Alfajiri sasa tunaamshwa na kikohozi cha Masumbuko, kwake ng'ambo ya ua. Anakohoa mara moja, ananyamaza. Juliana anageuka ubavu analala tena. Mimi nakaa kitandani, viatu nimekwisha kuvaa, nasubiri akohoe mara ya pili.